Mashine Inaposoma Slaidi ya Damu Vibaya: Tafuta Kosa Kuanzia Kwenye Kioo

Matokeo ya ajabu yakitoka kwenye mashine ya kusoma slaidi za damu, usianze kwa kuilaumu programu. Itoe slaidi ile ile, iweke chini ya hadubini ya kawaida, uitazame kwa lenzi ya 10, kisha ya 40, kisha ya 100 yenye mafuta. Ukihangaika nawe kuisoma, kosa liko kwenye damu, mpako (yaani damu iliyotandazwa kwenye kioo) au rangi. Ukiiona vizuri lakini picha ya kwenye skrini ni hafifu, kosa liko kwenye lenzi, taa au kamera. Picha ya kwenye skrini nayo ikiwa safi, ila seli imepewa jina lisilo lake, hapo ndipo una haki ya kuishuku akili mnemba yenyewe.

Kazi hiyo ni ya dakika chache na huokoa siku nzima ya kupigiana simu na mafundi. Naisisitiza kwa sababu makosa mengi tunayoyabandika kwa akili mnemba yalizaliwa mapema sana, pale tone la damu lilipogusa kioo. Modeli, yaani akili mnemba iliyofundishwa kwa picha, haimwoni mgonjwa wala haioni damu. Inaona rangi na vivuli vilivyoandaliwa na mikono yetu.

Kitu kimoja uwe nacho tayari kabla tatizo halijatokea: slaidi ya marejeo. Chagua slaidi nzuri ambayo majibu yake yamekubaliwa na wasomaji wawili wazoefu, iweke gizani isipauke, na uipitishe kwenye mashine kila asubuhi kabla ya slaidi ya mgonjwa wa kwanza. Andika majibu yake daftarini. Nitairudia slaidi hii zaidi ya mara moja.

Mashine inakataa slaidi, au inazunguka bila kupata pa kusoma

Mashine hutafuta eneo ambalo seli nyekundu zimetandazika safu moja, zinagusana kidogo bila kupandana. Eneo hilo liko karibu na mwisho wa mpako, kabla tu ya mkia. Mpako ukiwa mnene, eneo lenyewe huwa finyu au halipo kabisa.

Angalia mkono uliopaka. Kioo cha kusukumia kikilazwa kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45 na kusukumwa bila kusita, mpako hufika theluthi mbili hadi robo tatu ya slaidi. Damu nzito, kama ya mtoto mchanga, inataka pembe ndogo na mwendo wa pole. Damu nyepesi ya mtu mwenye upungufu wa damu inataka pembe kubwa na mwendo wa haraka. Mpakaji anayetumia mkono ule ule kwa kila damu ataipa mashine slaidi nzuri za wagonjwa wa kawaida na slaidi mbovu za wale walio hoi, na hao ndio wanaohitaji jibu sahihi kuliko wote. Matundu kwenye mpako ni dalili ya kioo chenye mafuta ya vidole. Mistari ya kukatiza ni ukingo mchafu au uliomeguka wa kioo cha kusukumia.

Lakini kuna wakati seli nyekundu hupangana kama sarafu hata pale mpako ulipo mwembamba, au hujikusanya mafungu mafungu kama vichala vya zabibu. Mpangilio wa sarafu mara nyingi huashiria protini nyingi kwenye damu. Vichala huashiria kingamwili zinazogandamanisha seli kwenye baridi. Pasha sampuli joto hadi nyuzi 37 za Selsiasi, upake upya, na mara nyingi vichala hutawanyika. Hapo mashine haijakosea kukataa slaidi. Imekuonyesha jambo ambalo daktari anapaswa kuambiwa.

Mashine inaona vimelea vya malaria kwa mtu asiye navyo

Washukiwa ni wanne, na kila mmoja ana alama yake.

Wa kwanza ni mabaki ya rangi. Chembe za Giemsa, rangi inayotumika kupakia slaidi za malaria, zisizoyeyuka hutua juu ya seli zikafanana na kiini cha kimelea. Zungusha skrubu ya kulenga taratibu: mabaki hung'aa katika kina tofauti na kina cha seli, na utayakuta pia nje ya seli, kwenye uwazi. Chuja rangi, changanya mpya kila siku ya kazi, na usiache rangi ikaukie juu ya slaidi wakati wa kusuuza.

Wa pili ni chembe sahani, chembe ndogo inayosaidia damu kuganda, iliyolala juu ya seli nyekundu. Huyu huwadanganya hata watu. Tafuta duara jeupe jembamba linaloizunguka, kisha ilinganishe na chembe sahani zilizo pembeni yake. Kimelea huwa na sehemu mbili za rangi, kiini chekundu na utegili (ujiuji unaozunguka kiini) wa samawati; chembe sahani ina zambarau ya punjepunje bila mgawanyo huo.

Wa tatu ni maji. Mpako uliokauka polepole kwenye hewa yenye unyevu, au methanoli (alkoholi ya kuimarisha seli kwenye kioo) iliyonyonya maji kwa kuachwa wazi, huacha vijiduara vinavyometameta ndani ya seli nyekundu. Kausha haraka, funika chupa ya methanoli kila unapomaliza kumimina. Wa nne ni vipande vya kiini vinavyobaki ndani ya seli nyekundu za watu wasio na wengu au ambao wengu wao haufanyi kazi: kidoa kimoja cha mviringo, cheusi kilichoiva, bila utegili wowote.

Tuseme sasa slaidi ni safi, na vimelea vya uongo bado vinatokea. Hapa pana hesabu ambayo kila mwenye kutumia mashine hizi anapaswa kuifanya mwenyewe kwa kalamu. Mtu mzima mwenye afya ana seli nyekundu zipatazo milioni 5 katika kila mikrolita ya damu. Mgonjwa mwenye vimelea 1,000 kwa mikrolita ana seli moja yenye kimelea katika kila seli 5,000. Sasa chukua modeli inayosifiwa kwamba husema kweli kwa asilimia 99 inapotazama seli isiyo na kimelea. Ikipita kwenye seli hizo 5,000 itaonyesha kidole kwa seli 50 ambazo hazina kitu, na moja yenye kimelea itakuwa imefichwa katikati yao. Mtu asiye na malaria kabisa naye atapewa seli zake 50. Ili modeli ikosee mara moja tu katika seli 5,000, usahihi wake kwenye seli zisizo na kimelea lazima ufike asilimia 99.98.

Asilimia 99, inayopendeza sana kwenye karatasi, kazini ni kelele tupu. Kwa hiyo, unaposoma maelezo ya modeli, uliza usahihi huo umepimwa kwa seli au kwa mgonjwa. Kisha pitisha slaidi kadhaa za watu waliothibitika hawana malaria, uhesabu ni seli ngapi za uongo hutokea kwenye kila slaidi, na umwombe msambazaji apandishe kizingiti cha uhakika hadi idadi hiyo iwe ndogo kuliko kiwango cha vimelea unachotaka kukigundua. Ukipandisha kizingiti utapoteza baadhi ya vimelea vya kweli. Upotevu huo upimwe na uandikwe, usikisiwe.

Vimelea vipo, mashine inasema hakuna

Tatizo hili linanitisha kuliko lililotangulia, kwa kuwa jibu la "hakuna" mara chache hurudiwa kuangaliwa.

Anza na tone nene, yaani damu iliyoachwa nene kwenye kioo badala ya kutandazwa kuwa utando mwembamba. Tone nene halikaushwi kwa moto wala haligusi methanoli, maana seli nyekundu zinatakiwa zipasuke na himoglobini itoke, ili vimelea na seli nyeupe vibaki peke yao. Pale tone nene na utando mwembamba vinapokuwa kwenye slaidi moja, methanoli ya utando hutiririka au mvuke wake hufika kwenye tone, nalo linabaki na pazia la seli nyekundu. Msomaji binadamu hulalamika. Mashine yaweza kutoa jibu kimyakimya. Inamisha slaidi ili tone nene liwe juu unapozamisha utando.

Kisha pima pH (kiwango cha asidi au alkali) ya bafa, maji ya kuchanganyia rangi, kwa kipimo, siyo kwa kukadiria. Kwa malaria inatakiwa 7.2. Asidi ikizidi, seli nyekundu hugeuka nyekundu kali na viini hufifia. Alkali ikizidi, kila kitu kinaelea kwenye samawati ya kijivu. Vidoa vinavyosaidia kuitambua Plasmodium vivax, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, huweza kupotea kabisa kwenye rangi yenye asidi. Giemsa ya asilimia 3 huachwa dakika 45 hadi 60, ya asilimia 10 dakika 10 hadi 15. Maabara iliyofupisha muda kwa sababu ya foleni itapata picha zilizopauka, na modeli iliyofundishwa kwa picha zilizoiva haitaambulia kitu.

Kuna pia suala la damu iliyotazamwa. Ukihesabu vimelea kwa kulinganisha na seli nyeupe 200, na ukichukulia seli nyeupe 8,000 kwa mikrolita kama ilivyo desturi, umetazama mikrolita 0.025 tu. Mgonjwa mwenye vimelea 50 kwa mikrolita ana wastani wa kimelea 1.25 katika damu hiyo, na kwa bahati tupu mashine isiyokosea hata kidogo itamkosa takriban mara 3 katika 10. Ukifika seli nyeupe 500, inamkosa takriban mara 4 au 5 katika 100. Kabla ya kusema modeli haioni, fungua mipangilio uone imeagizwa kupiga picha ngapi. Nimekuta mashine iliyopunguziwa idadi ya picha ili iende haraka, na aliyeipunguza hakumwambia mtu yeyote. Ni mpangilio mmoja tu, nao unaamua nani arudi nyumbani bila dawa.

Mwisho, lenzi. Kimelea kichanga cha umbo la pete kina upana wa mikromita moja au mbili hivi. Lenzi ya 40 isiyo na mafuta haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana zaidi ya nusu mikromita. Lenzi ya 100 yenye mafuta hufika karibu robo mikromita. Kuongeza pikseli za kamera hakurudishi kile ambacho lenzi haikukitenganisha. Vivyo hivyo, picha zikibanwa sana ili zisijaze diski, rangi ndogondogo ndizo za kwanza kupotea, na kiini cha kimelea ni rangi ndogo kweli.

Hesabu ya seli nyeupe haifanani na ya msomaji

Kabla ya ugomvi, jiulize kama tofauti ipo kweli. Seli nyeupe 100 zikihesabiwa na monosaiti, aina moja ya seli hizo, zikawa 10, ukweli wa mgonjwa huyo waweza kuwa popote kati ya asilimia 4 na 18. Mashine ikisema 10 na msomaji akisema 15, wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Linganisha kwa seli 400, ambapo asilimia 10 huwa na uwanja wa takriban 7 hadi 13, ndipo uamue nani kakosea.

Tofauti ikibaki, tazama mkia na kingo za mpako. Seli kubwa, yaani monosaiti na seli changa za saratani ya damu, husukumwa huko wakati wa kupaka. Mashine inayosoma katikati tu itazihesabu pungufu. Msomaji mzuri hutupia jicho mkia bila hata kuambiwa. Mashine haifanyi hivyo mpaka iagizwe.

Uliza pia damu imekaa muda gani kwenye mrija wa EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Baada ya saa chache nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, huanza kuharibika kiini, monosaiti hutoboka mashimo, seli nyekundu huota miiba. Paka ndani ya saa 2 hadi 4. Seli zilizopasuka zikiwa nyingi, kama ilivyo kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya limfosaiti (nayo ni aina ya seli nyeupe), changanya tone 1 la albumini (protini) ya asilimia 22 na matone 4 au 5 ya damu, kisha paka slaidi ya pili. Hiyo itumike kwa seli nyeupe peke yake. Maumbo ya seli nyekundu yasomwe kwenye slaidi isiyo na albumini.

Kwa watoto wachanga na wenye upungufu mkali wa damu, kuna seli nyekundu ambazo bado zina kiini, na modeli nyingi huziita limfosaiti. Zihesabu kando kwa kila seli nyeupe 100. Zikiwa 25, basi idadi ya seli nyeupe iliyotolewa na mashine ya kuhesabia ambayo haizitengi izidishwe kwa 100 na kugawanywa kwa 125.

Seli changa ya saratani kuitwa limfosaiti iliyochangamka, au kinyume chake, ni kosa ambalo siwezi kukupa skrubu ya kulirekebisha. Hata wazoefu hutofautiana hapo. Weka sheria: kila seli ambayo mashine haina uhakika nayo, na kila seli inayoitwa changa, ifunguliwe na mtu.

Chembe sahani zimeshuka ghafla, mgonjwa hana dalili ya kutokwa damu

Mshukiwa wa kwanza ni EDTA. Kwa baadhi ya watu dawa hiyo huzifanya chembe sahani zigandamane ndani ya mrija. Tafuta mafungu yake mkiani. Chukua damu upya kwenye mrija wa sitrati, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, uzidishe idadi kwa 1.1 kwa sababu sitrati huizimua damu. Mafungu yakitokea hata humo, chunguza jinsi damu ilivyotolewa. Sindano iliyohangaika sana kwenye mshipa nayo huanzisha kuganda.

Jana ilikuwa sawa, leo kila kitu kimebadilika

Pitisha slaidi ya marejeo. Ikisomeka kama jana, mashine ni nzima. Kilichobadilika ni rangi, bafa, methanoli, au aliyekuwa zamu. Tafuta chupa iliyofunguliwa leo. Ikisomeka tofauti, mabadiliko yako ndani: programu imesasishwa usiku, taa imebadilishwa, au kamera imeachiwa ijipangie weupe yenyewe, kwa hiyo inabadilisha rangi kulingana na kilicho mbele yake. Funga mpangilio huo kwa kutumia sehemu tupu ya kioo. Na usasishaji wa programu usifanyike bila maabara kujua. Toleo jipya la modeli ni kipimo kipya, linahitaji kuthibitishwa upya.

Mabadiliko yakija polepole kwa wiki, mafuta yaliyokauka kwenye lenzi ndiyo ya kuangalia kwanza. Doa linalojirudia mahali pale pale kwenye kila picha ni vumbi la kamera au lenzi, halina uhusiano na mgonjwa.

Ilifaulu majaribio yote, hapa kwetu inashindwa

Modeli inajua ilichoonyeshwa. Mkusanyiko mmoja mashuhuri wa picha za malaria, uliotolewa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, una picha 27,558 za seli moja moja, nusu zenye kimelea na nusu zisizo nacho. Zilitoka kwa wagonjwa 150 wa Plasmodium falciparum na watu 50 wenye afya, katika hospitali moja ya Chittagong, Bangladesh. Ni kazi njema iliyowasaidia wengi kujifunza. Lakini modeli iliyolelewa humo tu haijawahi kuona slaidi ya hospitali nyingine, na imezoea ulimwengu ambamo seli moja katika kila mbili ni mgonjwa. Tena picha zikigawanywa ovyo kati ya kufundishia na kupimia, seli za mgonjwa mmoja hukaa pande zote mbili, na modeli hufaulu mtihani ambao majibu yake ilishayaona.

Uliza picha zilitoka wapi, rangi gani ilitumika, na kama wagonjwa wa mtihani walikuwa tofauti kabisa na wa mafunzo. Uliza pia kama kulikuwa na wagonjwa wa seli mundu, wa talasemia (ugonjwa wa kurithi wa himoglobini) na watoto wachanga. Halafu andaa slaidi zako mwenyewe, za rangi yako na za wagonjwa unaowaona, zikiwemo zile ngumu, zisomwe na watu wawili bila kuona jibu la mashine, ndipo ulinganishe.

Mashine haijabadilika, ila makosa yanapita

Dalili hii haionekani kwenye skrini. Utaiona kwenye kumbukumbu za programu: msomaji aliyekuwa akibadilisha majina ya seli kadhaa kila zamu sasa anabofya "kubali" kwenye slaidi zote, kila moja kwa sekunde chache. Si uvivu. Mtu akioneshwa jibu kabla ya picha, jicho hulifuata jibu, na uchovu hufanya yaliyobaki.

Iombe programu ioneshe seli kwanza na jina baadaye, kama inaweza. Kama haiwezi, kila wiki chagua slaidi chache kwa kura, zisomwe upya kwa hadubini ya kawaida na mtu ambaye hajaona jibu, na tofauti zijadiliwe mezani bila kumtafuta wa kumlaumu. Changanya humo slaidi moja au mbili ambazo unajua mashine huzikosea. Msomaji akikuta seli changa iliyoandikwa limfosaiti, amwite mwenzake waitazame pamoja, na jibu lisitoke mpaka wakubaliane.